Usipande Halo na Hiyo Simu

Antalaha, Jumatano 28 Juni

Mjomba Jaovita, shikamoo!

Simu nakuletea kwa mkono wa Mama Lova, imekaa kwenye kapu moja na samaki wake wakavu, kwa hiyo ikinuka usinitukane mimi, mtukane yeye.

IMEKUBALI, Mjomba! Imekubali! Programu ya ushirika sasa inafanya kazi bila mtandao. Jana nimeizimia mtandao makusudi, nikaandika manunuzi ya uongo, nikaizima simu, nikaiwasha, vitu vyote vipo palepale! Nilipiga kelele ofisini mpaka bosi akadhani nimeumwa na nge. Unajua nimejifunza wapi? Kwa video za jamaa mmoja wa India anayeongea kama anakimbizwa na polisi. Na bado wanasema sina cheti.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu nakujua. Zamani ukinunua vanila huko Antsahalava ulikuwa unapanda Mlima Halo na makaratasi yako, unasimama juu ya lile jiwe unapiga kelele "halo, halo", ukurasa unazunguka, unazunguka, chaji inakwisha, unashuka na matusi. Basi, yamekwisha. Sasa unakaa hapohapo kijijini. Unapima vanila, unaandika uzito, unampiga picha mkulima ameshika ganda lenye alama yake, unabonyeza Hifadhi. Itatokea rangi ya njano. Njano maana yake kitu kiko ndani ya simu. Siku ukipanda Halo, simu ikinusa mtandao tu, inatuma yote yenyewe, rangi inageuka kijani. Kijani maana yake kimefika kwetu Antalaha na hakuna anayeweza kubisha.

Jina la mkulima ndani ya programu ni alama yake, vile vidoti anavyovichoma kwenye maganda kwa pini yakiwa bado kwenye mmea. Majina hayafai, nusu ya kijiji hicho ni kina Tombo. Alama haidanganyi.

Na kuna ujanja nimeuweka wa kwangu mwenyewe, hata yule Mhindi hana! Wewe na hivyo vidole vyako vya kushika panga utabonyeza mara mbilimbili, nakujua. Kwa hiyo simu ikinusa mtandao, kabla haijatuma chochote, inajisafisha kwanza. Ikikuta alama moja imeingia mara mbili, inabaki na ya mwisho, ya kwanza inaifuta. Bando halipotei. Umeona akili hiyo?

Niandikie haraka uniambie inaendaje. Siwezi kulala.

Mpwa wako,
Zafisoa


Antsahalava, Jumamosi 1 Julai

Wewe kichwa nazi,

Simu imefika. Inanuka.

Nimeijaribu. Sitaki kukusifu kwa sababu kichwa chako kitakua kishindwe kupita mlangoni, lakini inafanya kazi. Nimenunua juzi, jana na leo, vyote vimo. Nikiizima nikiiwasha, vimo. Wazee wamekuja kuitazama kama mtoto mchanga. Mwenyekiti wa kijiji kaishika, kaigeuza, kauliza, "Mtandao uko wapi?" Nikamwambia haupo. Akasema, "Sasa inaongea na nani?" Nikamnyang'anya simu.

Ila hizo rangi zako ni za mtu asiyewahi kushika vanila. Ganda likiwa kijani ni bichi. Likianza njano kwenye ncha, ndiyo limekomaa. Wewe umeweka njano ndiyo bado na kijani ndiyo tayari! Wakulima wanacheka, wanasema mtoto wa dada yako kalelewa na wauza viatu. Na sasa hawaamini njano yako. Wanasema mpaka mlima ujibu.

Kazi ni nyingi. Alhamisi kaja Bezara, yule mdogo wa watoto wa marehemu Tsaralaza, na vanila nzuri, nene, sijaona mwaka huu. Leo kaja kaka yake Tombo na yake. Wote wana alama ya baba yao, nyota na vidoti viwili. Hapo usianze kushangaa, ndivyo tunavyofanya: kaburi la mzee halijajengwa, na mpaka lijengwe alama yake ni ya watoto wote, hakuna anayechoma ya kwake. Nikamwambia Tombo kwa utani, "Mdogo wako kakutangulia." Alinitazama kama nimemtemea mate kwenye sahani. Hawasalimiani wale tangu mazishi.

Wiki ijayo nitapanda Halo nikupe hiyo kijani yako. Jumanne siendi, ni siku ya mwiko na sitaki maneno ya wazee.

Mwambie mama yako anitumie kahawa. Sio ile ya mwisho, ile ilikuwa udongo.

Mjomba wako mwenye vidole vya panga,
Jaovita


Antalaha, Jumatatu 3 Julai

MJOMBA USIPANDE HALO.

Usipande, usiende hata karibu. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, chukua simu, vuta juu ya kioo kushuka chini, utaona picha ya ndege. Ibonyeze. Ndege iwe na rangi. Iache hivyo hivyo. Kisha zima simu kabisa, iweke ndani ya gunia la mchele, usimpe mtu.

Simu ina homa kidogo. Si kitu kikubwa. Naitibu. Lakini usipande.

Mama Lova nimemlipia mtumbwi wa haraka. Mpe chai.

Zafi


Antsahalava, Jumanne 4 Julai

Kwa mpendwa Zafisoa, wa ofisi ya ushirika, Antalaha.

Salaam. Sisi huku hatujambo. Natumaini na ninyi hamjambo.

Nakuandikia kwa niaba ya baraza la kijiji. Kumetokea jambo. Bwana Tombo, mtoto wa kwanza wa marehemu Tsaralaza, amesimama mbele ya baraza na kusema kwamba alama ya baba yake ni yake peke yake kwa kuwa ndiye mkubwa. Amesema yeye ameuza mara moja tu, siku ya Jumamosi. Kwa hiyo vanila nyingine yenye alama hiyo iliyomo kwenye magunia yangu imeibwa shambani kwake. Mimi nilisema alama ni ya watoto wote mpaka kaburi lijengwe, na niliinunua kwa Bezara mchana kweupe. Baraza limejibu kwamba mnunuzi wa kitu cha wizi hawezi kuwa shahidi wa wizi. Maneno hayo ni ya haki.

Bezara amewekwa kwenye ghala la mpunga na anapewa chakula. Unakumbuka mwizi wa vanila wa bonde la pili, aliyezikwa mwaka juzi. Baraza halitaki yatokee yale tena na limewaomba vijana watulie.

Baraza limeona kwamba shahidi ni simu. Siku ya Jumatatu tarehe 10, wazee wa vitongoji vyote wakishafika, tutapanda Halo wote, simu itaongea na Antalaha mbele ya watu. Ikigeuka kijani na Bezara yumo, ameuza kwa haki, kwa kuwa mwizi haachi picha yake kwa ushirika, atatolewa. Ikigeuka kijani na Bezara hayumo, basi.

Tunaomba ofisi iwe tayari kupokea.

Mimi niko salama. Nalala kwa mwenyekiti. Natunzwa vizuri.

Wako mtiifu,
Jaovita, mnunuzi


Antalaha, Alhamisi 6 Julai

Mjomba,

Hii isome peke yako. Kama yuko mtu nyuma yako, ikunje.

Barua yako haina tusi hata moja. Umeniita mpendwa! Tangu nizaliwe hujawahi kuniita mpendwa, hata nilipokuwa na malaria. Niliposoma "wako mtiifu" nikaanza kufungasha kompyuta. Najua walikuwa wamekusimamia begani. Najua kwa mwenyekiti huwa hulali kwa kupenda, mkewe anakoroma kijiji kizima kinasikia.

Nilikuambia simu ina homa. Nilikuficha. Simu haina kitu. Ni mimi.

Ule ujanja niliojisifia. Kujisafisha. Nilidhani alama moja ni mtu mmoja. Mimi mtoto wa Antalaha, babu yangu mwenyewe alikuwa na alama, na sikukumbuka kwamba mtu akifa alama yake inabaki na watoto wote! Nilikumbuka vidole vyako tu. Kwa hiyo simu ikikuta nyota na vidoti viwili ya Alhamisi, na nyota na vidoti viwili ya Jumamosi, itasema, huyu mzee kabonyeza mara mbili. Itafuta ya kwanza. Ya Bezara. Uzito, siku, na picha uliyompiga akiwa ameshika maganda yake mkononi. Itabakiza ya Tombo, na itageuka kijani safi kabisa mbele ya wazee wote.

Umeelewa? Mlima utajibu, na utajibu uongo, na mimi ndiye nimeufundisha.

Utasema, si urekebishe? Nimesharekebisha! Jumatatu ileile, sikula mpaka jioni. Programu mpya iko hapa Antalaha. Lakini ya zamani ndiyo iliyomo kwenye simu yako. Ili ichukue mpya lazima inuse mtandao, na ikinusa mtandao kitu cha kwanza kabisa inachofanya ni kusafisha. Haingoji kuongea na mimi. Nikizima kila kitu ofisini bado itafuta. Nimejaribu na simu nyingine hapa, mara nyingi, nikiomba Mungu nimekosea. Sijakosea. Hiyo sehemu niliiandika vizuri mno.

Njia ni moja. Waya. Nichomeke simu kwenye kompyuta yangu bila mtandao, nitoe yote kabla haijafuta. Naanza safari leo na pikipiki ya ushirika, kompyuta mgongoni. Bosi kasema nikiondoka nisirudi, nikamwambia tutaongea nikirudi. Mama Lova anatangulia na barua hii kwa njia ya mto, mimi nazunguka kwa barabara mpaka kivukoni.

Waonyeshe wazee njano. Fungua simu ikiwa na ile ndege, picha ya Bezara ipo, wataiona kwa macho yao. Ila mlimani isipande. Wacheleweshe. Jifanye unaumwa tumbo, unajua kuigiza.

Nisamehe.

Zafi


Antsahalava, Alhamisi 6 Julai

Zafi,

Naandikia gizani kwa kalamu ya risasi, usinicheke mwandiko.

Barua yako ya homa ilifika jana. Nikabonyeza ndege, nikaificha simu kama ulivyosema. Hukuniambia kwa nini. Leo asubuhi mbele ya baraza nikasema simu haiwezi kupanda Halo. Wakauliza kwa nini. Nikasema inaumwa. Zafi, walicheka kwanza. Halafu wakaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaitoa, nikawafungulia, nikawaonyesha picha ya Bezara na njano yake. Mwenyekiti akasema, "Hiyo ni simu inayoongea peke yake. Hata mimi nikijisemea peke yangu ni mfalme." Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema, "Mnunuzi anaogopa mlima, mnajua wenyewe kwa nini."

Wameninyang'anya. Wamempa Tombo aitunze kwa kuwa ndiye aliyeibiwa. Yeye ndiye atakayepanda nayo Jumatatu. Angalau niliizima kwanza, na aliificha kwenye koti lake mbele yangu.

Bezara nimemwona kupitia mbao za ghala. Midomo imepasuka. Akaniuliza, "Mjomba, simu si inajua?" Nikamwambia inajua.

Kama hii homa ni kitu ulichokitunga kwa sababu ya mambo ya ofisi yenu, nitakuchapa na ukubwa wako huo. Kama ni kweli, fanya haraka. Vijana wameanza kunywa mchana.

J.


Kivukoni, Jumamosi 8 Julai

Kwa kaka Tombo, mtoto wa Tsaralaza

Hunijui. Mimi ni Zafisoa, mpwa wa Jaovita mnunuzi. Ile programu iliyomo kwenye simu uliyonayo kotini nimeitengeneza mimi.

Niko ng'ambo ya mto. Mvua ya mlimani imeshuka yote kwa pamoja, kivuko kimefungwa kwa minyororo, maji yana rangi ya chai na yanabeba migomba mizima mizima. Nimelia kwa mwenye mtumbwi mpaka mkewe akanihurumia, lakini yeye kasema anavuka peke yake, mtumbwi mtupu, abiria hapana, na kompyuta ndiyo kabisa. Karatasi atabeba. Kwa hiyo badala ya kuja mimi inakuja karatasi, na sijui nimwandikie nani. Mjomba hana simu tena, barua yake nimeikuta hapa kivukoni. Mwenyekiti hataamini neno la ukoo wetu. Simu iko kwako.

Nilianza kukuandikia uongo. Niliandika kwamba ikipanda mlimani itapasuka kama bomu. Nikaichana. Nikaandika nyingine, kwamba ofisi imeshapata jibu na ni la Bezara. Nikaichana nayo, maana ungepanda tu uhakikishe. Mwenye mtumbwi anasema nikichana nyingine anaondoka.

Basi nakwambia ukweli, na ukweli huu ni mzuri kwako.

Ukiwasha hiyo simu juu ya Halo, ukavuta kioo kutoka juu kushuka chini na kuzima picha ya ndege utakayoiona, utashinda. Simu ina kosa langu mimi. Inadhani alama moja ni mtu mmoja, kama unavyosema wewe. Itabakiza vanila yako, ya mdogo wako itaifuta, picha na kila kitu, na rangi itakuwa kijani. Wazee wote wataona. Mimi huku nitapokea picha yako peke yako. Sitaweza kuthibitisha kitu kingine kwa sababu hakitakuwepo tena popote duniani. Nikija baadaye kusema programu ilikosea, nani ataniamini? Mpwa wa mnunuzi.

Ukiiacha ndege ilivyo, picha ya Bezara inabaki.

Ni hivyo tu. Nimekupa panga nikakuonyesha na shingo, watu wataniita mjinga. Sijui ninyi wawili mna nini. Mjomba aliniandikia kwamba hamsalimiani tangu mazishi. Mimi sina ndugu wa kugombana naye, ninayo kompyuta tu. Siwezi kukuambia umpende.

Lakini kama hakuiba, wewe unajua. Mashine haijui. Mimi sijui. Baraza halijui. Wewe ulikuwepo kwenye hilo shamba.

Zafisoa, wa ushirika


Kivukoni, Jumatatu 10 Julai

Mjomba,

Maji hayajashuka. Mwenye mtumbwi hajarudi. Nimekaa kwenye ukuta wa kivuko, hapa mtandao upo mdogo, na nimeiwasha kompyuta natazama ukurasa wa kupokea. Nyote sasa mko njiani kupanda. Kila nikipepesa macho nadhani nimeona kitu.

Nimemwambia Tombo kila kitu. Nimemwandikia. Usinichape bado. Sikuwa na mwingine.

Barua hii sina wa kumpa, naandika tu mikono ipate kazi.

Mchana. Hakuna kilichoingia.

Bado. Mjomba, kama mngekuwa mmefika juu kingeshaingia. Ama kimekwama ama hamjapanda ama wamefanya jambo jingine. Mke wa mwenye mtumbwi kaniletea wali na kisamvu, nimewatupia kuku.

Jua linazama. Ukurasa mweupe.


Antsahalava, Jumatatu 10 Julai, jioni

We kichwa nazi! We nazi ya dhahabu!

IMEGEUKA KIJANI! Bezara ametoka! Amekaa hapa karibu yangu anakula kama gari linalopakia mchanga, siwezi hata kuandika vizuri kwa kelele za taya lake.

Barua yako ya ukweli Mama Lova alinipa Jumamosi. Sikulala. Nikawafuata wazee mmoja mmoja, nikawaeleza kusafisha sijui kufuta, wakasema mnunuzi kapata barua nyingine ya uongo. Leo wakatoka wote, ngoma hawakubeba lakini mapanga walibeba. Wazee magoti yao yalikataa kwenye chemchemi, wakakaa, wakasema Tombo apande juu peke yake kwa kuwa ndiye mwenye shauri. Mimi nikaomba nimfuate, wakanishika. Bezara walikuwa wamemfunga mikono, wamemkalisha katikati yetu. Zafi, nimewahi kungoja vitu vingi maishani. Sijawahi kungoja vile. Tulikuwa tunamwona kule juu ya jiwe, mdogo kama kunguru, kainama. Akakaa. Akakaa mpaka watu wakaanza kumwita, "Wewe, umelala?"

Akashuka. Akasimama mbele ya mwenyekiti. Akasema, "Imejibu. Ni kijani. Bezara yumo, siku ya Alhamisi. Kauza kwa haki. Mfungueni."

Mwenyekiti akataka kuona. Tombo akasema chaji imeisha hapohapo, hiyo simu yenu ya bei rahisi, na kweli kioo kilikuwa cheusi. Lakini nani angebisha? Aliyeshtaki ndiye anayesema! Mtu hawezi kujipiga kofi mwenyewe kwa uongo. Mwenyekiti mwenyewe akakata kamba.

Uliniandikia kwamba ingefuta. Ona sasa, haikufuta. Ulijidharau bure. Wanakuulizia huku, wanataka kujua mtoto wa nani. Nimesema ni wangu, kwa leo tu.

Simu nakurudishia ndani ya gunia la mchele, imezimwa, sitaki kuigusa tena maishani mwangu. Mwenye mtumbwi anasema kesho maji yakiruhusu.

Na kahawa hujaleta.

Jaovita


Antsahalava, Jumanne 11 Julai

Zafisoa

Barua hii naiweka chini kabisa ya mchele. Mjomba wako hajui.

Leo ni Jumanne, hakuna kugusa ardhi. Kuandika hawajakataza. Mimi si mtu wa kuandika, utavumilia.

Barua yako niliipata Jumapili nikitoka kanisani. Nikaisoma nyuma ya nyumba. Niliisoma tena na tena kutafuta mtego. Sikuuona. Nikasema huyu msichana ama ni mwendawazimu ama ananitukana.

Nikueleze kitu ambacho baraza halikuuliza. Baba alipoanza kuumwa, Bezara alikuwa mjini Sambava anabeba abiria kwa pikipiki na kupiga picha na miwani ya jua. Maua ya lile shamba nimeyachavusha mimi kwa mkono. Kila ua, kwa mwiba, asubuhi kabla halijafunga, halafu nirudi nimgeuze baba kitandani, halafu nirudi shambani. Alama nimechoma mimi kwa pini za baba, ganda moja moja. Yeye kaja kwenye mazishi, kalia kuliko wote, kisha kaingia shambani na kuvuna upande wake kama mtu anayefungua sufuria jikoni kwa mama yake. Hakuniambia hata "kaka, naomba". Ndiyo maana nilisimama mbele ya baraza.

Lakini hakuiba. Nilijua. Upande ule ni wake, baba alisema mbele yangu tu, hakuna mwingine aliyesikia.

Nilipanda Halo nikiwa na nia. Sitakudanganya. Nilifika kwenye jiwe nikaiwasha simu. Nikafungua ile picha, Bezara ameshika maganda, anacheka na lile pengo lake, amevaa shati la baba. Sikujua alichukua shati la baba. Nikavuta kioo kama ulivyoeleza, ndege ile pale. Kidole nikaweka karibu. Unajua jinsi ilivyo kitu kidogo? Mtu angetaka kumaliza jambo kama lile angalau abebe kitu kizito.

Chini walikuwa wananiita. Yeye hakuita. Alikuwa amefungwa lakini mdomo ulikuwa huru, na hakuita.

Nikaizima simu. Ndege sikuigusa. Nilichowaambia wazee unakijua kutoka kwa mjomba wako, nimemsikia akikuandikia kwa sauti kubwa kama anahutubia. Kwa hiyo huku kwetu mlima umejibu, na huko kwenu haujafika ujumbe wowote. Toa yaliyomo kwa huo waya wako, uyapeleke ofisini. Na ule ujanja wako uung'oe wote. Alama ya baba iandike majina mawili. La kwake unaweza kuanza nalo, kauza kwanza.

Bezara anadhani simu ndiyo iliyomtoa. Jana usiku kaja mlangoni kwangu na chupa, akasema, "Kaka, mashine za siku hizi zina haki." Nikamwambia ndiyo, zina haki. Nikamfungia mlango. Sijamaliza kumkasirikia, na akijua atakuja kunishukuru kila siku, sitaweza kuvumilia.

Tunaojua ni wawili. Mjomba wako anasema hakuna mtu Antalaha anayefuta vitu kama wewe.

Basi futa na hii.

Tombo